Kupanga meno kwa alaina: Inachukua muda gani, na utarajie nini?

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo sasa linaulizwa sana majumbani, hasa na wazazi wenye vijana wa umri wa sekondari. Nalo ni kupanga meno kwa vile vifuniko vya plastiki isiyo na rangi ambavyo mtu anaweza kuvivaa na aliyekaa naye asitambue. Vifuniko hivyo huitwa alaina. Swali linalorudi kila mara ni moja: Je, inachukua muda gani?

Jibu la haraka ni kwamba meno yenye kasoro ndogo yanaweza kumaliza ndani ya miezi 3 hadi 6. Kasoro ya wastani huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Kasoro kubwa inaweza kufika miaka 2 na zaidi. Lakini jibu hilo peke yake halitoshi kumfanya mtu atoe pesa ya ada ya mtoto au akiba ya familia. Ni vyema kwanza ikafahamika kazi yenyewe inavyokwenda, kwa sababu anayeamua muda si plastiki. Wanaoamua ni mfupa wa taya na mkono wa mvaaji.

Alaina ni kitu gani?

Kwa miaka mingi meno yalipangwa kwa waya za chuma zinazofungwa kwenye vidude vilivyogandishwa juu ya meno. Mwaka 1997 huko California, Marekani, Zia Chishti na Kelsey Wirth walianzisha kampuni ya Align Technology. Chishti alikuwa amevaa waya akiwa mtu mzima, na baadaye akapewa kifaa cha kuvaliwa ili meno yasirudi yalikotoka. Akaona kuwa kama kifaa cha plastiki kinaweza kuzuia jino lisisogee, basi vifaa vingi vinavyopishana kidogo kidogo vinaweza kulisogeza. Alaina za kampuni hiyo, zinazojulikana kwa jina la Invisalign, ziliingia sokoni mwaka 1999. Leo ziko kampuni nyingi zinazotengeneza vifaa vya namna hiyo.

Daktari huchukua umbo la meno yako, ama kwa kukung'atisha dawa laini inayoganda, ama kwa kamera ndogo inayopita mdomoni. Kisha kompyuta hupanga safari ya kila jino, kutoka lilipo hadi linapotakiwa kufika. Safari hiyo hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande hutengenezewa alaina yake, ya juu na ya chini. Unavaa ya kwanza, ukimaliza muda wake unavaa ya pili, na kuendelea.

Jino linasogeaje?

Watu wengi hudhani jino limekita kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Sivyo. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna kano nyembamba, unene wake takriban milimita 0.2, inayolishika jino na kulipa nafasi ya kucheza kidogo tunapotafuna. Alaina inaposukuma jino, kano ya upande unaosukumiwa hubanwa. Chembechembe maalumu za mwili hukusanyika hapo na kuula mfupa taratibu. Upande wa nyuma ambako kano imevutwa, chembechembe nyingine hujenga mfupa mpya.

Kazi hiyo ya kubomoa na kujenga ina mwendo wake. Ukisukuma kwa nguvu kupita kiasi, jino haliwahi kufika. Damu hukosa njia kwenye kano, maumivu yanazidi, na mzizi wenyewe unaweza kuliwa ukafupika. Ndiyo maana kila alaina moja hutengenezwa isogeze jino kwa takriban robo ya milimita tu. Anayekuahidi meno kunyooka ndani ya wiki mbili hana jino la kibinadamu analolizungumzia.

Hesabu ya muda

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukua jino lililotoka nje ya mstari kwa milimita 3. Kwa robo ya milimita kila alaina, utahitaji alaina 12. Daktari akikuagiza kubadilisha kila baada ya wiki 2, hizo ni wiki 24, yaani karibu miezi sita. Akiona meno yanafuata vizuri na kukuruhusu kubadilisha kila wiki, ni wiki 12. Mtu mwenye meno yaliyosongamana sana anaweza kupangiwa alaina 40. Kwa wiki 2 kila moja, ni wiki 80, yaani mwaka mmoja na nusu.

Lakini usiishie hapo. Mara nyingi alaina za awamu ya kwanza zikiisha huonekana jino moja au mawili hayakufika. Daktari huchukua umbo upya na kuagiza seti ya nyongeza, na hapo muda huongezeka kwa wiki au miezi. Hilo ni jambo la kawaida katika tiba hii, wala halina maana kwamba umedanganywa. Lililo muhimu ni kuuliza mapema kama gharama ya seti hiyo imo katika bei uliyotajiwa.

Aidha, alaina mara nyingi hutengenezwa nje ya nchi. Tangu siku ya kupimwa hadi kuvaa ya kwanza zinaweza kupita wiki kadhaa.

Kabla ya kuanza

Kazi ya kwanza ni kusafisha nyumba kabla ya kupanga samani. Daktari wa meno atatazama kinywa chote na kupiga picha ya eksirei ili aone mizizi na mfupa. Meno yaliyotoboka yazibwe kwanza. Ugaga, ule uchafu mgumu ulioganda kwenye shina la meno, uondolewe. Fizi zinazotoa damu zitibiwe mpaka zitulie.

Hili si jambo la kupuuza. Ugonjwa wa fizi hula mfupa unaoshika meno. Ukianza kusukuma meno ambayo mfupa wake unaendelea kuliwa, unaharakisha kuyapoteza, na mtu aliyekwenda kutafuta tabasamu anaweza kurudi na mapengo. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa yuko katika hatari zaidi, kwani fizi zake huugua upesi na kupona taratibu. Mwenye kutumia dawa za kuimarisha mifupa amweleze daktari, kwa sababu baadhi ya dawa hizo hupunguza mwendo wa meno. Mama mjamzito naye aseme, ili picha ya eksirei na ratiba vipangwe kwa kuzingatia hali yake.

Jambo jingine, hasa kwa ndugu zetu wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara: alaina hunyoosha meno, haibadilishi rangi. Yale madoa ya kahawia yatokanayo na floridi nyingi katika maji ya utotoni yatabaki vilevile. Hali kadhalika, kuna meno ambayo waya huyamudu vizuri zaidi: yaliyojizungusha sana, yanayotakiwa kuvutwa juu au chini, na vinywa ambavyo lazima yang'olewe meno ili kupata nafasi. Daktari akikwambia waya zinakufaa zaidi, msikilize.

Siku za mwanzo

Siku 2 au 3 za kwanza meno yatauma kwa kubanwa, na kila alaina mpya inaweza kurudisha hali hiyo kwa siku moja au mbili. Uji, wali laini, ndizi na mtori vitakufaa. Parasetamoli kwa kipimo chake inatosha kwa wengi. Dawa kali za maumivu zisimezwe mfululizo bila ushauri, maana zinaumiza tumbo. Ujanja mmoja ni kuvaa alaina mpya usiku unapokwenda kulala, ili saa za mwanzo zenye kubana zikupite usingizini.

Mate yatajaa mdomoni na utasema kwa kithembe kidogo. Vyote hivi hutulia ndani ya siku chache, na kwa baadhi ya watu wiki moja au mbili. Ukingo wa plastiki ukikukwaruza ulimi au shavu, rudi kwa daktari aulainishe.

Usishangae pia kuona daktari anagandisha vijidonge vidogo vyenye rangi ya jino juu ya baadhi ya meno. Hivyo ndivyo vishikizo vya alaina, na vitaondolewa mwisho wa tiba. Jino kulegea kidogo ni kawaida. Lisilo la kawaida ni jino kucheza sana, usaha, fizi kushuka, au maumivu yasiyopungua baada ya wiki. Ukiona hayo usingoje miadi.

Saa 22 kwa siku

Hapa ndipo muda wa tiba hupotea au kuokolewa. Alaina zinatakiwa kuvaliwa saa 20 hadi 22 kila siku. Maana yake una takriban saa 2 tu za kula, kunywa na kupiga mswaki. Jino lililoachwa huru saa nyingi huanza kurudi lilikotoka. Anayevaa saa 14 au 15 huona alaina mpya haikai sawasawa, anaongezewa wiki, kisha anailaumu plastiki.

Tupige hesabu ya siku ya kawaida. Chai ya asubuhi dakika 20, chakula cha mchana 25, cha usiku 30. Kusafisha meno baada ya kila mlo, dakika 5 mara tatu. Jumla ni saa moja na nusu. Inatosha. Kinachoharibu hesabu ni vitu vidogo vidogo: kahawa na kashata barazani kuanzia alasiri hadi magharibi, karanga, ubuyu, soda ya jioni. Kwa kila kimoja alaina inatakiwa itoke. Ukiivaa huku unakunywa chai, joto linaweza kuipinda na rangi itaiingia. Ukiivaa huku unakunywa soda, sukari inafungiwa kati ya plastiki na jino, mate hayapati njia ya kuisafisha, na meno yanaoza yakiwa yamefunikwa. Kinywaji cha kunywa ukiwa umevaa ni kimoja tu: maji, yasiwe ya moto.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujalipia alaina za kijana wako, jiulize: je, huyu ni mtu wa kukumbuka jambo mara nne kwa siku bila kusimamiwa? Kama siyo, waya zilizogandishwa zinaweza kuwa na manufaa zaidi, kwa sababu haziwezi kusahauliwa mfukoni.

Udhu, saumu na kisomo

Kusukutua katika udhu hakuna tabu. Alaina hutoka, mtu anasukutua na kuirudisha. Mara tano kwa siku kwa dakika mbili mbili ni dakika 10, na hizo zimo ndani ya zile saa mbili. Tahadhari ni mbili. Kwanza, itoe kwa kuanzia kwenye magego ya pande zote mbili, si kwa kuivuta mbele, kwani inavunjika. Pili, usiiweke juu ya ukuta wa bomba la msikitini wala kuifunga kwenye leso. Alaina nyingi hupotea namna hiyo. Iwe na kikasha chake, na kikasha kiwe mfukoni au kwenye mkoba. Vile vishikizo vilivyogandishwa hali yake ni kama ya jino lililozibwa, haviondolewi.

Ramadhani, kwa hakika, ni mwezi wa nafuu kwa mvaaji. Kwa huku kwetu mchana wa saumu ni takriban saa 13, na muda wote huo alaina inakaa mdomoni bila kutolewa kwa chakula. Plastiki haina ladha, haiyeyuki wala haimezwi. La muhimu ni kwamba baada ya daku kinywa kisafishwe vizuri kabla ya alfajiri, kisibaki chakula chini yake. Hatari iko usiku. Anayefuturu saa 12 na nusu jioni kisha akaendelea kutafuna na kunywa hadi daku, amepoteza usiku mzima. Futuru, pumzika, kula chakula chako, safisha, vaa. Kisha itoe tena wakati wa daku.

Kwa wanafunzi wa madrasa na wasomaji wa Qur'an, kithembe cha siku za mwanzo hugusa makharij. Herufi za tha, dhal na dhaa hutamkwa kwa ncha ya ulimi kukutana na ncha za meno ya mbele ya juu, na plastiki imeyafunika. Sin, zay na swad nazo hupoteza mluzi wake. Mwalimu aelezwe, asije akamwona mtoto amerudi nyuma. Anayependa anaweza kuitoa wakati wa somo, mradi saa hizo azihesabu. Wengi hurudia matamshi yao ya kawaida kwa kusoma kwa sauti siku chache huku wamevaa.

Je, inajuzu?

Suala hili limeulizwa kwa haki. Katika Sahihi Bukhari na Muslim imo hadithi iliyopokewa na Abdullah bin Mas'ud (r.a.) inayowakemea wanaojitia mianya katika meno kwa ajili ya urembo. Huku kwetu mwanya unasifiwa, na wapo waliochonga meno ili waupate. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa katazo limefungamana na kutafuta urembo, ama kufanya hivyo kwa tiba au kwa sababu ya kasoro ya jino hakuna ubaya.

Kwa upande wa tiba, meno yaliyopishana huficha chakula na ni magumu kusafisha, yaliyotokeza mbele huvunjika upesi mtu akianguka, na yasiyokutana hufanya kutafuna kuwa kazi. Hizo ni kasoro za afya. Ila ujue kuwa katika baadhi ya tiba za alaina daktari husugua kidogo ubavu wa jino, sehemu ndogo ya milimita, ili kupata nafasi ya meno kujipanga. Hili uliulize kabla: je, kwangu litafanyika, na kwa sababu gani? Ukiwa na jibu hilo mkononi, nenda kwa sheikh unayemwamini akupe hukumu ya hali yako. Anayetaka tu kubadilisha meno mazima yasiyo na kasoro, suala lake ni jingine.

Usafi wa alaina

Kila unapoitoa, isuuze kwa maji safi na salama ya baridi. Asubuhi na usiku isugue taratibu kwa mswaki laini na sabuni isiyo na harufu kali. Maji ya moto ni marufuku. Mswaki wa mti unaweza kuendelea kuutumia, ila pita kwa upole palipogandishwa vishikizo, na uzi wa kusafishia katikati ya meno usiuache. Miwa, mifupa na mahindi ya kuchoma yang'olewe kwa kisu, si kwa meno ya mbele.

Alaina uliyoimaliza usiitupe mara moja. Ikiwa mpya itapotea au kuvunjika, mpigie daktari. Huenda akakwambia urudie ya nyuma au uende ya mbele. Kukaa siku kadhaa bila kitu ndilo kosa.

Vifurushi vya posta

Wapo wanaotangaza alaina za kuagiza mtu akiwa nyumbani. Anang'ata dawa mwenyewe, anatuma umbo, analetewa boksi. Hakuna aliyemtazama fizi, hakuna eksirei. Kampuni ya Marekani iliyovuma kwa biashara hiyo, SmileDirectClub, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilifilisika na kufunga milango Desemba 2023. Wateja waliokuwa katikati ya tiba wakabaki na meno yaliyosogea nusu ya njia na hakuna wa kumuuliza. Kama hayo yamewakuta watu wenye sheria kali za kumlinda mnunuzi, sisi tujihadhari zaidi. Wataalamu wa kupanga meno kwetu ni wachache na wengi wako mijini, lakini nauli ya kwenda kuonwa ni nafuu kuliko jino.

Baada ya meno kunyooka

Hapa ndipo wengi hupoteza walichokilipia. Siku alaina ya mwisho inapotoka, mfupa uliozunguka mizizi bado ni mchanga, na kano zinalivuta jino lirudi. Utapewa kifaa cha kushikilia, kiitwacho riteina. Kwa kawaida huvaliwa muda mwingi wa siku kwa miezi ya mwanzo, kisha kila usiku kwa miaka. Anayeacha baada ya mwezi mmoja huona meno yakirudi kupishana taratibu. Kwa hiyo ukiulizwa tiba inachukua muda gani, jibu kamili lina sehemu mbili: miezi ya kusogeza, na miaka ya kulinda.

Maswali ya kwenda nayo

Ndugu msomaji, kabla ya kusaini wala kulipa, muulize daktari haya. Nina kasoro gani, na ikiachwa itanidhuru nini? Alaina zitakuwa ngapi, na kila moja nitaivaa siku ngapi? Bei hii inajumuisha seti za nyongeza na riteina? Nitarudi kuonwa kila baada ya wiki ngapi, na nikisafiri au kuhama nani atanitazama? Je, kwa meno yangu waya zingefaa zaidi?

Daktari mwenye uwezo hatachukia kuulizwa. Na ikiwa majibu yataonyesha kuwa fizi zako zinahitaji matibabu kwanza, au kwamba kijana asubiri mwaka mmoja akomae, basi subiri. Jino lililopinda lakini lililoshikwa na fizi nzima linatafuna chakula chake kila siku. Lililonyooka likang'oka halirudi tena.